Siku moja kwenye chumba cha kupima pumzi

Saa 1:30 asubuhi. Mashine kwanza. Bomba la hewa la lita 3 linasukumwa kwenye mashine mara tatu: haraka, wastani, polepole. Kila mara isomeke kati ya lita 2.91 na 3.09. Ikikataa, kagua kichujio na viungio, hewa hupenda kuvujia hapo.

Saa 2 hadi 4. Wagonjwa watano. Umri, jinsia, urefu bila viatu, kibano puani, wamemaliza.

Saa 4:10. Fundi wa kuchomelea vyuma. Anakohoa kila asubuhi na amezoea, na sigara ameizima mlangoni. Moshi wa muda huo hubana njia za hewa, kwa hiyo asubiri saa nzima. "Daktari, nipulize niende, kazi inaningoja." Ananyoosha kidole chenye kipimo cha oksijeni ya damu: asilimia 98. Kipimo hicho hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi ya sigara. Kwa aliyetoka kuvuta, 98 haitoshi kumtuliza mtu.

Saa 5 na ushee. Jaribio la kwanza amekohoa ndani ya sekunde ya kwanza, halifai. La pili ameanza kwa kusita. La tatu amekatisha mstari wa mashine ukiwa bado unapanda. "Fundi, jaza kifua mpaka pasibaki nafasi, itoe kwa kishindo, usiache, bado ipo, bado, bado..." Njia zilizobana hutoa hewa polepole, ndiyo maana mwisho wa pumzi ndio mgumu na ndio tunaoutaka. Yanahitajika majaribio matatu safi, makubwa mawili yasipishane zaidi ya mililita 150, na yote yasizidi manane. Tumefika la saba. Anatoka jasho, anaona kizunguzungu, tunampumzisha. Koo limekauka kwa kuhimiza.

Kisha salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, mipulizo minne kupitia chupa ya kuvutia dawa, dakika 15, apulize upya. Sekunde ya kwanza lita 2.70, hewa yote 4.10. Uwiano 0.66. Ukiwa chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa zimeziba. Na eksirei yake ya kifua ilikuwa safi! Hatua za mwanzo eksirei huzikosa.

Fomu sasa: pakiti ngapi, miaka mingapi, anachomelea bati la zinki au chuma cha pua, ndani au nje, kuna feni ya kunyonya moshi? Upande wa kazi ukiachwa wazi italaumiwa sigara peke yake, naye atarudi kwenye moshi uleule.

Benchini wamebaki wanne. Kichujio kipya.