Zahanati ya chuo si ya kuchukulia karatasi ya ruhusa tu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika chuoni, wiki haijaisha anajua paswedi ya waifai, anajua lekchara gani anachukua mahudhurio na yupi hana habari, anajua mpaka geti lipi linachelewa kufungwa usiku. Muulize zahanati ya chuo iko wapi. Atakwambia si iko kule, upande ule wa utawala, basi. Ataijua vizuri siku analetwa saa nane usiku amebebwa na rumeti wawili, na wote watatu hawajui kadi ya bima iko wapi.

Kipindi nasoma nilikua mwelimishaji rika, wale mnaowaonaga wamekaa nje ya zahanati na boksi la kondomu na vipeperushi ambavyo hakuna anayesoma, kwa hiyo benchi la kusubiria nimelikalia sana na nimeona mengi. Na kitu kikubwa nlichoona ni kwamba wanafunzi wengi wanaichukulia zahanati kama ofisi ya karatasi, yaani unaenda ukikosa test, unapewa ruhusa ya kuumwa, umemaliza. Wakati ile sehemu faida yake kubwa ni moja tu, kwamba iko KARIBU. Kuna mambo kwenye mwili wa kijana wa miaka 20 yanaenda na saa, na hospitali kubwa ya mbali yenye mashine zote haikusaidii kama umeifikia siku ya tano.

Hata hili jina huduma ya afya ya msingi halimaanishi huduma ya chini au ya watu wasio na hela. Mwaka 1978 nchi zilikutana Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty huko Kazakhstan, na kwenye tamko lao wakasema hii ndo ngazi ya kwanza mtu anapokutana na mfumo wa afya, na iwe karibu kabisa na pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Sasa mwanafunzi anaishi hosteli na kazi yake ni kusoma, kwa hiyo kwake pale karibu ni pale chuoni.

Tuanze na hayo ya saa. Kondomu imepasuka, au mtu kafanyiwa ukatili, au mwanafunzi wa udaktari kajichoma sindano wodini. Kuna dawa za PEP za kuzuia VVU, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 halafu unazimeza siku 28. Watu wakisikia 72 wanaona ni siku tatu za kujifikiria, hapana jamani, 72 ni mwisho wa mstari, dawa inafanya kazi vizuri zaidi ukianza mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Mimba nayo hivo hivo. Vidonge vya dharura vile vya levonogestreli vinatumika ndani ya saa 72 na kadri unavyochelewa nguvu inashuka, ipo aina nyingine inafika saa 120, na kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ndo kiboko ya vyote. Na hivo vidonge havitoi mimba iliyokwishatunga, vinachelewesha yai kutoka, ndo maana kuchelewa kunaharibu kila kitu. Aliyebakwa aje vile vile alivyo, asianze kuwaza atamwambia nani na kesi itakuaje, kwanza tiba.

Alafu kuna homa ya uti wa mgongo. Hii inapenda sehemu watu wamebanana, na hosteli ni nini kama si watu kubanana. Mtu jioni analalamika kichwa na homa, mnasema kachoka na asaimenti, usiku shingo imekakamaa, hataki taa iwashwe, anaongea vitu havieleweki, wengine wanatoka madoa mekundu au ya zambarau ambayo ukigandamiza glasi juu yake hayapotei. Hapo hakuna kuuliza kwenye grupu la darasa nani ana dawa. Mbebe, na mkifika pale msikae foleni, piteni mbele mseme wazi shingo imekakamaa. Mnaolala naye chumba kimoja pia mjitaje, manake kwa baadhi ya aina zinazoletwa na bakteria kuna dawa mnapewa ili na nyie msiangukie.

Hayo ndo ya haraka haraka. Mengine mengi ni ya kawaida na yanaishia pale pale bila rufaa yoyote: mkojo unauma, fangasi, chunusi, tumbo la kuhara, kidonda, mafua. Kwenye mafua nina ugomvi wangu. Mafua yanaletwa na virusi, antibayotiki haigusi virusi, lakini hosteli nzima ina tabia ya kugawana amoksilini kama pipi, huyu kameza mbili zilizobaki kwa yule, yule kazipata kwa dada yake. Nesi akikwambia pumzika, kunywa maji, rudi ukizidiwa, huyo hajakunyima dawa, kakutibu. Wewe unaondoka umenuna unaenda kununua mwenyewe duka la dawa.

Wadada, na hili la maumivu ya hedhi. Mnaambiwa toka mko wadogo vumilia ndo uanamke. Dawa kama ibuprofeni zinafanya kazi vizuri ukizianza maumivu yanapoanza tu, usisubiri mpaka umejikunja kitandani, ila kama una vidonda vya tumbo au pumu useme kwanza maana si kila mtu zinamfaa. Na kama kila mwezi unakosa lekcha kwa sababu ya maumivu hiyo si kawaida, kuna ugonjwa unaitwa endometriosi ambao watu wanakaa nao miaka bila kujua kwa sababu kila wanayemwambia anawaambia hata mimi nlikua hivohivo.

Sasa kuna kitu manesi wanakijua kuliko mtu yeyote pale. Mwanafunzi anaingia, anasema kichwa kinauma. Anapimwa presha, iko sawa. Anapimwa joto, sawa. Anaandikiwa parasetamo, anasimama, anaenda mpaka mlangoni, kashika kitasa, ndo anageuka na sauti ya chini, "eti nesi, na kuna kitu kingine." Hicho kingine ndo kilichomleta! Kichwa kilikua tiketi ya kuingilia tu. Palikua na nesi mmoja mtu mzima, yeye alikua hata hashangai, anasema tu "mwanangu rudi ukae, mlango uache umefungwa, haya nambie," na kalamu anaiweka chini kabisa asionekane anaandika. Nlikua namwangalia nasema huyu mama angefundisha wenzake. Kwa hiyo ushauri wangu, hicho kingine kianze nacho. Foleni ndefu, dakika za daktari chache, ukianza na kichwa atatumia muda wote kwenye kichwa.

Na mara nyingi hicho kingine ni akili kuchoka. Magonjwa mengi ya akili yanaanza kabla mtu hajafika katikati ya miaka ya 20, yaani umri ule ule wa chuo, umetoka nyumbani, hulali vizuri, matokeo yanashuka, hela hamna, mapenzi yamevunjika, vyote mwezi mmoja. Yanakuja yamejificha kama tumbo, kama kukosa usingizi, kama mapigo ya moyo kwenda mbio kabla ya mtihani. Kama umekaa wiki mbili mfululizo hujisikii chochote, hata vitu ulivyokua unapenda hutaki, chakula hakipiti au unakula hovyo, kila siku hivo, hiyo nenda kaiseme, na kama mawazo yamefika kwenye kujidhuru nenda leo hii, mwambie na mtu mmoja akusindikize. Si lazima ujue jina la ugonjwa. Pale watakusikiliza na watajua kama unahitaji mshauri nasaha wa chuo au daktari wa akili, na ukipewa dawa za sonona jua zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, usiziache siku ya nne ukasema hazina maana.

Kundi jingine linalosahaulika ni waliokuja chuo na ugonjwa tayari. Pumu, kisukari, kifafa, selimundu. Nyumbani mama ndo alikua anakumbuka kliniki ni lini, sasa mama hayupo, na mtu anaona aibu watu wasijue. Nenda wiki ya kwanza ukiwa mzima, fungua faili, acha na barua ya daktari wako wa zamani, waambie dawa zako ni zipi wakwambie wanazo au hawana. Mwenye kifafa anajua kukesha kunaweza kumletea degedege, na chuo kizima kinakesha wiki ya mitihani, kwa hiyo wewe ratiba yako ya kusoma haiwezi kufanana na ya wenzio. Na rumeti mmoja angalau ajue: akianguka muondolee vitu vya karibu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, ikitulia mlaze ubavu. Usimkandamize na usimtie KIJIKO mdomoni, watu wanavunja meno na ulimi wala haumezwi. Ikipita dakika 5 haijaacha, ita msaada.

Chanjo ntapita haraka. Ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita hivi, na mnaosoma udaktari, unesi na maabara mnatakiwa muimalize kabla hamjashika sindano ya mgonjwa. Ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inasaidia zaidi ikitangulia kabla ya kuanza ngono ila ukichelewa kauliza. Na vipimo vya magonjwa ya zinaa usisubiri dalili, klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote huku inaharibu mirija ya uzazi kimya kimya.

Lawama zote si za wanafunzi lakini, vyuo navyo. Zahanati inafunguliwa asubuhi inafungwa jioni, saa zile zile za vipindi, sasa mtu aende lini? Dirishani unaulizwa "unaumwa nini" kwa sauti inayofika mpaka kwa mtu wa mwisho, na wa mwisho ni mtu wa darasani kwako. Halafu hii ya karatasi. Mtu ana mafua, angelala siku mbili angepona, lakini lekchara kasema bila karatasi ya daktari test hairudiwi, basi anajikokota anakuja kukaa benchi masaa matatu, anawakoholea waliokaa pembeni, daktari anaandika karatasi kumi na nane za mafua wakati yule aliyekuja na hicho kingine kachoka kusubiri kaondoka. Kwanini mwanafunzi asijaze fomu mwenyewe kwa siku mbili tatu za mwanzo, akizidisha ndo iulizwe karatasi? Akidanganya ni tatizo la nidhamu, halina haja ya kupita kwa daktari.

Kuhusu siri, ofisi ya mkuu wa wanafunzi haina haki ya kusoma faili lako wala mzazi wa mtu mzima hapigiwi simu kuambiwa majibu yako bila wewe kukubali, labda maisha yawe hatarini. Kama una wasiwasi uliza kabla hujaongea, "hii inaandikwa wapi na nani anaisoma?" Wanatakiwa wakujibu.

Na mnaomaliza mwaka huu, siku ukikabidhi kitambulisho huduma inakatika na sehemu nyingine bima nayo inaenda nayo. Kabla ya mahafali pitia pale uombe nakala za vipimo vyako, kadi ya chanjo, majina ya dawa unazotumia, na kama una kliniki ya kila mwezi omba na barua ya kukuhamisha. Nenda wiki ambayo hakuna mitihani, foleni inakua fupi.