Kadi mbili za Siku ya Mama

Leo, katika shule ya msingi ya hapa Toronto ninakofanya kazi kama mwalimu msaidizi, watoto walitengeneza kadi za Siku ya Mama.

Darasani yumo binti mdogo anayelelewa na mama wawili. Nilikuwa na wasiwasi juu yake tangu asubuhi, kwani katika shule aliyotoka alichekwa hadi akawa analia kila anapovalishwa viatu vya kwendea shule.

Alipomaliza kadi ya kwanza aliomba karatasi nyingine, na kabla mwalimu hajajibu, mvulana aliyeketi kando yake alikwisha kumsogezea ya kwake pamoja na gundi, kisha akamwuliza ni mama yupi anayemsuka vizuri namna ile.

"Yule mrefu," akajibu kwa fahari, akizishika shanga zilizo kwenye ncha za nywele zake.

Nilifurahi mno.

Kanada iliruhusu ndoa za jinsia moja nchini kote mwaka 2005, lakini rafiki wa kukaa naye dawati moja haletwi na sheria. Naamini huandaliwa nyumbani, na wazazi wa watoto wengine.

Ndugu zangu mnaolea au kufundisha huku ughaibuni, watoto hawa wanapokelewaje shuleni kwenu? Tafadhali niandikieni.