Usiku tuliosubiri soniki

Hii ni ya miaka mingi kidogo nyuma, nikiwa bado mgeni kwenye kazi ya logi za visima, yaani kupima kwa vifaa kilichomo ardhini kando ya shimo, na ndio ilikua mara yangu ya kwanza kupanda meli ya kuchoronga. Chini yetu maji zaidi ya mita 1,000, alafu chini ya hapo tope laini la bahari, na ndani ya hilo tope ndio tulikua tunatafuta haidreti, yaani ile barafu iliyobeba methani. Kila molekuli ya gesi imefungiwa kwenye kizimba cha molekuli za maji, na mita 1 ya ujazo ikiyeyuka inatoa gesi kama mita 160 za ujazo. Inadumu tu penye baridi na mgandamizo mkubwa, ukiibughudhi kidogo inaanza kuyeyuka. Ndio maana vifaa vyetu vilifungwa kwenye bomba lenyewe la kuchoronga, juu kidogo ya biti, yaani kichwa kinachokata ardhi, ili vipime mapema kabla barafu haijaharibika na ukuta wa shimo haujamong'onyoka, na data zinapanda juu kwa mapigo ya presha kwenye maji ya ndani ya bomba, kidogo kidogo, unakaa mbele ya skrini unaangalia nukta moja moja.

Zamu yetu ilikua saa sita usiku mpaka saa sita mchana. Muda mrefu rezistiviti, yaani ukinzani wa ardhi kwa umeme, ilikua imelala kwenye omu-mita 1 hivi, kawaida ya tope lililojaa maji ya chumvi. Kama saa tisa usiku gama, kipimo cha mionzi ya asili ambayo udongo wa mfinyanzi unayo nyingi, ikashuka, maana yake tumeingia kwenye mchanga, na rezistiviti ikaanza kupanda, ikavuka 2, ikavuka 5, ikaendelea tu. Mimi nikasimama. Nilikua na chati ya karatasi pembeni, nikachukua penseli nikaandika HAIDRETI kwa herufi kubwa kufuata ule mchanga wote juu mpaka chini, na mkono ulikua unatetemeka kabisa.

Mzee wa zamu akaiangalia ile chati, akanirudishia.

"Subiri soniki mdogo wangu. Gesi nayo haipitishi umeme."

Hayo maneno mpaka leo nayasikia. Nilikua nayajua kwenye daftari lakini usiku ule sikuyakumbuka. Haidreti inasukuma maji ya chumvi nje ya vitundu vya mchanga, umeme unakosa njia, rezistiviti inapanda, sawa, ila gesi huru nayo inafanya hivyohivyo. Ukitazama mstari mmoja huwezi kuzitofautisha. Soniki, yaani kipimo cha kasi ya sauti ardhini, ndio inazitenganisha, maana haidreti inakaza punje za mchanga na sauti inakimbia, lakini gesi hata ikiwa mapovu machache tu inailegeza sauti vibaya sana.

Sasa tatizo ni kwamba kipimo cha soniki kilikaa juu zaidi kwenye bomba kuliko cha rezistiviti, kwahiyo ilibidi biti ishuke mita nyingi zaidi ndio soniki ifike palepale. Tukasubiri karibu saa nzima. Na haikua kusubiri kwa raha, kama ni gesi huru lazima uchunge presha ya nje ya bomba shimoni, gesi isije ikaanza kuingia kisimani, mzee jicho lake lilikua kwenye huo mstari wa presha tu, haongei, na mimi nimeshika penseli.

Soniki ikafika. Mwanzo mita 1,600 kwa sekunde za tope, alafu kwenye mchanga ikaruka zaidi ya 2,000. Nikavuta pumzi. Mita kadhaa mbele rezistiviti bado iko juu, imepungua kidogo tu, lakini soniki ikaanguka chini ya 1,500, polepole kuliko hata kwenye maji matupu. Mchanga uleule mmoja! Juu haidreti, chini gesi huru, na mpaka wenyewe ulikua pale ambapo picha za mitetemo zilionyesha mwangwi unaofuata sakafu ya bahari, kule ambako joto la ardhini linazidi uvumilivu wa barafu. Nikafuta nusu ya chini ya neno langu.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini mtu anayeniletea mstari mmoja. Hata ukishajua ni haidreti, rezistiviti inaweza kukudanganya kiasi chake, walikutana na hilo India mwaka 2006 kwenye bonde la Krishna-Godavari, haidreti ilikua imejaa kwenye nyufa za wima ndani ya udongo wa mfinyanzi, na hesabu ya kawaida ya rezistiviti ikatoa kiasi kikubwa mno kuliko kilichopimwa kwenye sampuli.

Wiki moja baadae tukachoronga shimo la pili mita chache pembeni kutoa sampuli. Kamera ya joto ilipopita juu ya bomba la sampuli yakaonekana mabaka ya baridi, maana haidreti ikiyeyuka inanyonya joto, na yalikua juu ya ule mpaka tu, chini hakuna. Mzee akaniwekea kipande kwenye glavu. Kilikua kinatoa mlio mdogo mdogo, tsss, tsss, kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji, kinapungua huku nakiangalia, mpaka yakabaki maji na mchanga kidogo. Nikayamimina kwenye kichupa nikayapeleka maabara kupima chumvi, yakaja karibu matamu, kama maji ya mvua.