Umeme ukikatika naulizia jiko kwanza

Likizo ya mwezi wa sita 2025 niliipanga ya kulala tu. Miaka minne sijakanyaga Mbeya, nikajua nitakula ndizi za Tukuyu na parachichi mpaka nichoke, naamka saa nne, naota jua. Siku ya tatu tu dada yangu ananiambia msichana wake mmoja wa mgahawani kaenda msibani Ileje, njoo unishike mkono jioni moja. Jioni moja ikawa wiki nzima. Mgahawa uko Uyole, barabarani kabisa, pale njia ya Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Zambia, kwahiyo wateja wake wengi ni madereva wa malori na matingo wao, watu wa kula haraka na kuondoka, wengine wanataka kuamkia Tunduma kwenye foleni.

Sasa siku ya nne, saa moja na nusu usiku, watu wamejaa, umeme ukakatika. Dada akapaza sauti "angalieni luku kwanza!" msichana akakimbilia mita, uniti zipo, mwingine akachungulia nje, ng'ambo ya barabara nako giza, basi yakaisha. Tochi za simu zikawashwa, moja ikasimamishwa kwenye glasi ya maji ili mwanga usambae, ugali ukaendelea kusongwa na hakuna mteja hata mmoja aliyeinua kichwa kutoka kwenye sahani. Mi nimesimama katikati na sahani mbili za wali maharage, ule wali wa Kyela unaonukia, nikajikuta koo limekaba, kwasababu miezi miwili kabla nilikuwa kwenye shifti nyingine, nchi nyingine, umeme ukakatika vilevile na ilikuwa siku tofauti kabisa.

Mi nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja Madrid. Tarehe 28 mwezi wa nne, Jumatatu, saa sita na dakika 33 mchana, taa zikazima, feni ya kuvuta moshi ikazima, na kwakuwa jiko letu gesi imefungwa pamoja na feni, feni ikifa gesi nayo inajikata, moto ukazima chini ya sufuria zote kwa mpigo mmoja. Ule ukimya sijausahau. Kule watu wanakula mchana kuanzia saa nane, sisi ndo tulikuwa tunamalizia kuandaa. Nikadhani ni jengo letu, kutoka nje taa za barabarani zimekufa, magari yamejazana kwenye makutano, watu wanapanda kutoka kwenye vituo vya treni za chini wakiwa wamekunja sura kama wametoka pangoni. Baadae ndo tukasikia kwenye redio ya gari iliyopaki, milango imefunguliwa, watu wameizunguka kama tulivyokuwa tunazunguka redio ya babu wakati wa mpira, kwamba ni karibu Hispania nzima na Ureno. Jioni waziri mkuu wao akasema megawati 15,000 zilipotea ndani ya sekunde tano. Bwawa letu la Nyerere lote, mashine zote tisa, ni megawati 2,115. Piga hesabu, ni kama mabwawa saba ya Nyerere yazimike kwa pamoja kabla hujamaliza kupiga chafya.

Wenzangu wakachanganyikiwa kwakweli. Mashine za kadi zimekufa, mtandao wa simu unakuja unapotea, mhudumu mmoja kijana analia kwasababu mama yake ana mashine ya kupumulia nyumbani na simu haipatikani, bosi akamruhusu akaondoka na mguu. Mi nikawa mtulivu hata mwenyewe nikajishangaa. Nikachukua utepe wa gundi nikafunga milango ya friji na friza nikaandika juu yake "usifungue", maana friji ikikaa imefungwa inashika ubaridi masaa kama manne, na friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, lakini kila anayefungua kuchungulia anaiba ule ubaridi. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika oda kwa mkono, hela taslimu tu, chenji natoa kwa kichwa. Hayo yote niliyajua toka nina miaka kumi na mbili, mwaka 2006, ule mgao mkubwa bwawa la umeme la Mtera lilipokauka, mama akiwa na kibanda cha chakula Mwanjelwa. Mama nyama ananunua ya kupika siku hiyohiyo, haamini friji ya mtu, umeme ukikatika hana kinachooza.

Ila sio hayo yanayonifanya niandike.

Kama saa nane na nusu bosi wetu (mtu mzuri, sina ugomvi nae) akaja na wazo. Tuna jiko la mkaa la chuma, kubwa, la kuchomea nyama, tunalitumia nje wakati wa kiangazi. Kuwasha nje pembezoni mwa barabara siku ile aliogopa askari, akasema tuliingize jikoni, tuwashe mkaa, tuchome nyama kabla haijaharibika, wateja wapo wanataka chakula cha moto. Wenzangu wakashangilia. Wawili wakaanza kulibeba. Jikoni kwetu hakuna dirisha, kuna mlango mmoja wa kwenda stoo na mmoja wa kwenda ukumbini, na feni imekufa.

Nikasimama mlangoni nikasema hapana.

Ngoja niwaambie kwanini. Mwaka uleule wa 2006, mwezi wa saba, baridi ya kwetu mnaijua, usiku inashuka mpaka nyuzi 5 hivi na ukungu unakaa chini mpaka saa tatu asubuhi. Jirani yetu, mama mmoja mpole sana, alikuwa anakaanga maandazi usiku ili auze asubuhi. Giza la mgao, upepo, akaingiza jiko chumbani amalizie ndani. Akamaliza, mkaa umekolea vizuri, mwekundu, hauna moshi, akaona auache uwapashe joto yeye na binti yake, wakalala. Asubuhi mama yangu ndo aliyesukuma ule mlango. Mlango ulikuwa mgumu kufunguka kwasababu chini, pale kwenye upenyo, yule mama alikuwa ameziba na kitenge, kakikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za kabatini, ili baridi isipite. Maandazi yalikuwa kwenye beseni, yamefunikwa. Binti alipona, alikuwa kalala upande wa dirisha lenye kioo kilichovunjika. Mama yake hakupona. Mpaka leo nikiona kitenge cha bluu chenye maua ya njano naangalia pembeni.

Watu wanasema "walikosa hewa" ni kweli lakini ni zaidi ya hapo. Mkaa ukiwa na moshi mtu anakohoa anatoka nje, ukikolea moshi unaisha, ndo mtu anaona sasa umefaa kuingizwa ndani, kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, ikiingia kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu mizito, halafu usingizi. Mtu anadhani kachoka na kazi. Anajilaza.

Sasa nieleze hayo kwa Kispania changu cha jikoni, cha "leta vitunguu" na "sahani ya meza ya nne". Maneno yakagoma. Nikawa nashika kichwa, nafumba macho, nafanya ishara ya kulala, bosi ananiangalia kama nimepatwa na kitu. Aliyeniokoa ni bibi mmoja mteja wetu wa kila siku, ana zaidi ya miaka themanini, alikuwa kakaa pale kaunta na glasi yake ya maji akisubiri lifti ya jengo lao ifufuke. Akasikia neno mkaa, akaona mikono yangu, akasema neno moja kwa sauti kubwa: "brasero". Kumbe zamani na wao, huko vijijini kwao, walikuwa na bakuli la makaa wanaliweka chini ya meza, wanashusha kitambaa kizito mpaka miguuni wapate joto, na ile hewa wana jina lake kabisa, wanaiita "tufo". Alisema kwao Extremadura, yeye akiwa mdogo, kuna nyumba ilifunguliwa asubuhi hakuamka mtu. Bosi akanyamaza. Jiko likarudi stoo.

Tukauza mkate, nyanya, nyama kavu ya nguruwe, na mayai na viazi vilivyokuwa vimeshaiva toka asubuhi. Saa kumi na mbili jioni bosi akatugawia hela taslimu tukafunga, nikatembea karibu masaa mawili kwenda nyumbani. Siku zilizofuata tukasikia kule mkoa wa Galicia familia ya watu watatu wamekutwa wamefariki ndani, taarifa zikataja hewa ya jenereta waliyokuwa wameiwasha. Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu sana siku ile.

Basi turudi Uyole. Giza, baridi imeanza kuuma, dereva mmoja wa makamo anasema "mama, tuletee basi hilo jiko hapa ndani tujipashe" na yule msichana wa jikoni, wa Makete, ana miaka kumi na tisa, ameshalishika kwa matambara mawili analileta, na mlango wa mbele wameurudishia kwa ajili ya upepo. Nikamwambia mdogo wangu, rudisha nje. Dada akanikata jicho, wateja watakimbia. Nikafungua milango yote miwili, nikamwambia yule dereva kaka nisamehe, nakuletea chai ya tangawizi bure, vikombe viwili kama unataka, ila jiko halivuki hapa. Akaguna, akavuta koti, akakubali. "Ndaga" akasema alipopokea kikombe, kumbe Mnyakyusa mwenzangu.

Umeme ulirudi saa nne. Tunafunga, nikamuuliza yule binti analala wapi, akanionyesha kachumba ka nyuma, kitanda, mashuka mawili, na pembeni ya kitanda, sakafuni, duara jeusi la kuungua la ukubwa wa jiko. Nikamuuliza hili nini. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Anti, si baridi, nikimaliza kazi naliingizaga likiwa limeshakolea, halina moshi." Na kichwa? "Asubuhi kinauma uma kidogo, nikinywa chai kinaacha."

Sikulala. Kesho yake saa mbili niko Mwanjelwa nanunua mablanketi matatu mazito ya mtumba na soksi za sufu, na fundi akaja kutoa vioo viwili vya juu kwenye kadirisha kake akaweka wavu. Dada alinuna siku moja, halafu nikamkumbusha kitenge, yeye alikuwa na miaka kumi na sita, ndo aliyembeba yule binti wa jirani nje. Alikaa chini kwenye kiti akalia.

Kama una mtu Makete, Njombe, Mafinga, Tukuyu, popote kwenye baridi ile, mpigie leo umuulize analala na nini chumbani.

Mi nimesharudi kazini. Kila siku saa mbili usiku ya huku, kwenu saa tatu, nachungulia simu kabla sijaanza kuosha sufuria, namtumia dada meseji moja tu, jiko liko wapi. Ananijibu neno moja, nje. Juzi kachelewa kujibu dakika arobaini, nikapiga simu mpaka akapokea.