Baba, Usamehe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Luka 23:34: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo."

Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Coventry, Uingereza, tangu jioni hadi alfajiri. Watu zaidi ya 500 walikufa. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli liliteketea, zikabaki kuta na mnara. Fundi mawe mmoja aliona boriti mbili za paa, zimeungua na kuangukiana kama msalaba, akazifunga pamoja zikasimamishwa. Magofu yale yapo hadi leo, hayana paa, mvua inanyesha ndani, na ni ukumbusho. Nyuma ya altare, kasisi mkuu Richard Howard aliagiza ukutani yachongwe maneno mawili tu: Baba, usamehe.

Yesu alisema "uwasamehe". Pale Coventry ile "wa" haipo.

Nimekaa na silabi hiyo siku kadhaa. Ukishasema "wa", umeshajiweka pembeni: kuna wao, na kuna mimi ninayewaombea. Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliuchoma mji wa Dresden, Ujerumani, wakafa watu wapatao 25,000. Sala ya ukutani inawagusa Waingereza wenyewe pia.

Sisi wa Iringa tunaijua "wa" hii. Tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani iliipiga ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, na ndani walikuwamo akina mama na watoto. Baadaye Injili ya Kilutheri ikatufikia kwa watu wa nchi hiyo hiyo. Bibi zetu waliipokea hivyo hivyo, na kidonda kikiwa bado hakijafunga. Sisemi kwamba mtoto aliyefukiwa na kifusi anadaiwa sawa na aliyewasha mzinga. Hapana! Mungu anayahesabu machozi ya kila mmoja, na aliyeua ataulizwa. Nasema juu yetu tulio hai tunaopiga magoti.

Mimi na ndugu yangu tuna ugomvi wa mpaka wa shamba aliloliacha baba. Miaka mitatu nimeiombea nyumba yake: Bwana, uwasamehe. Nilikuwa naona ni sala nzuri, hata nikiitoa mbele ya jumuiya. Sikuwahi kusema kwamba jiwe la mpaka niliyeanza kulisogeza ni mimi.

Kule Coventry, kila Ijumaa saa sita mchana, watu husimama katikati ya magofu na kutaja chuki, tamaa na kiburi vya mataifa, na baada ya kila kimoja huitikia yale maneno mawili. Ijumaa hii saa sita nitakuwa shambani, kwenye lile jiwe. Nimemtumia ndugu yangu ujumbe aje. Niombeeni, wapendwa, maana bado hajajibu.