C9 imenikamata

Jamani wapiga gitaa, siku hizi sibanduki kwenye kodi ya C9 (kodi, yaani chord, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Kidole cha shahada uzi wa 4 freti 2 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, na uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko zote), cha kati uzi wa 5 freti 3, kisha cha pete kinalala freti 3 kuanzia uzi wa 3 hadi wa 1. Hicho cha pete ndicho kinachotesa! Kisipolala sawasawa, uzi wa 1 unakufa kabisa. Lakini ikitoka safi, raha yake si ya kawaida.

Sasa weka kidole kidogo freti 5 kwenye uzi wa 1. Tayari umepata C13: noti ya G imetoka, A imeingia, na wala sikio haliilalamikii hiyo G. Noti za E na B-flati hazikuguswa. Hizo mbili ndizo zinazoivuta kodi hii kwenda kodi ya F, maana E inapanda nusu hatua hadi F, na B-flati inashuka hadi A. Kwangu mimi utamu wote uko hapo. 9 (noti ya D) na 13 (noti ya A) ni kuongeza rangi.

(Uzi wa 6 nauzima kwa ncha ya kidole cha kati.)

Leo nafanyia kazi G13 kwenda C9, polepole, na metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo).