Nilivyofuatilia mifupa ya Fromelles hadi ikapata majina

Kumtambua askari aliyekufa zamani ni kukutanisha orodha mbili: ya majina yasiyo na mifupa, na ya mifupa isiyo na majina. Nilichagua Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa, kwa sababu pale orodha zote mbili zipo, na karatasi nyingi zinasomwa bure mtandaoni, hata kwa simu.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Divisheni ya 5 ya Australia ilipigana na Wajerumani ikapoteza watu 5,533, ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Wengi waliofia upande wa Wajerumani walizikwa na kikosi cha Kijerumani kutoka Bavaria kwenye mashimo marefu nyuma ya kichaka cha Pheasant Wood. Vita vikaisha, mashimo yakasahaulika. Lambis Englezos, mwalimu mstaafu wa Melbourne, alilinganisha idadi ya waliopotea na idadi ya makaburi yasiyo na majina, akaona hesabu haifungi. Picha za angani za wakati wa vita zilionyesha mashimo 8. Mwaka 2007 ardhi ilipimwa kwa vyombo bila kuchimbwa, 2008 pakachimbwa kidogo kwa majaribio, na kati ya Mei na Septemba 2009 ikatolewa miili 250.

Mbona watu 250 hawakuwa na majina? Jibu liko shingoni. Wakati ule askari alivaa kibati kimoja tu chenye jina na namba yake. Wajerumani walipozika walivivua vibati, wakaviandikia orodha ya wafu, wakavirudisha kupitia Msalaba Mwekundu. Walifanya kwa uaminifu, lakini matokeo yake familia ikapata kibati na mwili ukabaki bila jina. Jeshi la Uingereza liliiona kasoro hiyo, na Septemba 1916 likaagiza vibati viwili: chekundu cha duara kivuliwe, cha kijani chenye pembe nane kibaki na maiti. Kwa watu wa Fromelles agizo lilichelewa miezi miwili.

Basi nilianza na majina. Mafaili ya Msalaba Mwekundu yako Australian War Memorial, makumbusho ya vita ya Australia, mkusanyo 1DRL/0428. Humo nilitafuta jambo moja kabla ya mengine yote: je, jina limo katika orodha ya wafu ya Kijerumani ya tarehe 4 Novemba 1916? Likiwamo, Wajerumani walikuwa na mwili au kibati chake, na huyo ni mtu wa kuwekwa upande wa mashimo. Ushahidi wa wenzake niliusoma kwa tahadhari. Faili moja linaweza kuwa na mashahidi watatu wanaomwona mtu huyohuyo akifa mahali patatu, maana palikuwa usiku, mizinga inapiga, na majina yanafanana.

Hatua ya pili ni faili la utumishi jeshini, lililoko National Archives of Australia, hifadhi ya nyaraka ya taifa, mfululizo B2455. Hati ya kuandikishwa ina umri, urefu kwa futi na inchi, makovu, kazi, na jina la ndugu wa karibu. Hapo ndipo mifupa inapolinganishwa na karatasi. Mfupa wa paja hukadiria urefu, lakini kadirio linaweza kupishana na ukweli kwa sentimita kadhaa. Umri wa vijana husomwa kwenye ncha za mifupa ambazo hazijaungana bado, na mtulinga huwa wa mwisho kuungana. Tatizo ni karatasi: kijana wa miaka 17 alijiandikisha kuwa ana 21, mzee akajipunguzia miaka, mwingine akatumia jina la bandia. Mfupa ukisema 17 na karatasi 21, nilijifunza kutomfuta mtu haraka.

Vitu vilivyokutwa na miili husaidia kupunguza orodha, havithibitishi jina. Mfano ninaoukumbuka daima ni kipande cha tiketi ya treni, safari ya kurudi kati ya Fremantle na Perth. Kinaelekeza Australia Magharibi. Lakini tiketi, kama koti au kisu, huweza kupita mkono hadi mkono.

Kazi nzito ni vinasaba, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika mifupa na meno ya miaka 90 na zaidi hutafutwa hasa aina mbili. Vinasaba vya mitokondria hupita kuukeni: mama huwapa watoto wote, lakini binti pekee ndiye huviendeleza. Kromosomu Y hupita kuumeni, baba kwa mwana. Kwa hiyo binti wa askari mwenyewe, anayelilia baba yake, hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Anayefaa kuukeni ni dada wa marehemu, watoto wa dada huyo, watoto wa binti zake, au watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mjomba anavyo, ila watoto wake hawana. Watoto wa shangazi hawafai upande wowote. Kuumeni wanafaa kaka, wana wa kaka, na wana wa baba mkubwa au baba mdogo. Sisi tuna bahati kwamba lugha yetu inawatenganisha hawa. Kwa Kiingereza watoto wa mama mkubwa, wa mjomba na wa shangazi wote wanaitwa neno moja, na nimeona michoro ya ukoo ikipotea njia hapo.

Kumfuata mtu kuukeni ni kazi kwa sababu jina la ukoo hubadilika kila mwanamke anapoolewa. Jimbo la New South Wales hufungua kumbukumbu za vizazi baada ya miaka 100, ndoa 50, vifo 30, kwa hiyo miongo ya karibuni imefungwa. Nilivuka pengo hilo kwa matangazo ya vifo katika magazeti ya zamani kwenye Trove, ya maktaba ya taifa ya Australia. Tangazo la bibi mmoja hutaja mabinti wote kwa majina ya waume zao.

Hata sampuli ikilingana, kazi haijaisha. Mitokondria za aina moja huweza kuwa za watu wengi wa Ulaya, na ndugu wawili wa tumbo moja hawatofautishwi nazo. Ndiyo maana jopo la utambuzi lilipima vyote pamoja: vinasaba, urefu, umri, vitu, orodha ya Wajerumani. Machi 2010 walitajwa 75 wa kwanza. Leo wamepita 170. Jiwe lililoandikwa kwamba ni askari ajulikanaye na Mungu huondolewa, likawekwa lenye jina.

Kwa waliobaki, mara nyingi kikwazo ni ukoo. Dada wa marehemu hakuzaa, au alizaa wanaume tu, na mstari wa kuukeni ukaishia kwao. Hapo narudi vizazi viwili juu, kwa dada za bibi mzaa mama, ambao wengi walibaki Uingereza, Scotland au Ireland, na nafungua upya vitabu vya ubatizo vya huko.